Futi Kumi na Nne

Chumba cha Filamu, Idara ya Kumbukumbu
3 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Najua simu hupendi, unasema simu ni ya watu wasiojua kumaliza sentensi, kwa hiyo nimeshika kalamu. Nyumbani wote wazima. Mama anakusalimu, watoto wanakusalimu, Baba hajasema kitu lakini nitamhesabu naye.

Nimepewa kazi inayokuhusu. Yale makopo ya filamu za habari mlizokuwa mkizitengeneza ujana wenu, zile zilizoonyeshwa sinema kabla ya picha kubwa, yameletwa kwetu. Yana kutu na yananuka siki. Natakiwa kuzisafisha, kuziingiza kwenye kompyuta na kuandika maelezo ya kila moja. Nimekwisha tazama ufunguzi wa soko, lango la kale la mji, mnara wa saa, askari wa barabarani mwenye glovu nyeupe, na bila shaka kopo namba 61: Baba akirusha ndege juu ya mji, mwenyeji wa kwanza kufanya hivyo. Tarehe 20 Mei ukumbi mpya wa abiria pale kiwanjani utapewa jina lake, na filamu hiyo itaonyeshwa ukutani mbele ya wakubwa. Mtayarishaji ni mimi. Miaka kumi na sita nimekaa na makopo chini ya ghorofa na hakuna aliyewahi kuniuliza nafanya nini, kwa hiyo unaelewa siku hiyo ina maana gani kwangu.

Zamani kazi ilikuwa ya mkasi na gundi, siku hizi ni ya kitaalamu, lakini wewe ulikuwepo. Nakuwekea maelezo niliyoandika mpaka sasa. Niambie unachokumbuka.

Kichekesho kimoja: getini kwetu kuna mzee anatengeneza baiskeli. Vijana wanamwita Rubani, kwa kuwa anadai eti aliwahi kurusha ndege. Kila nikipita wananiambia, mwana wa Kapteni, msalimie rubani mwenzake baba yako. Mzee mwenyewe anacheka nao tu. Watu wengine hawana haya.

Mwanao,
Mtunza Filamu


11 Machi

Mwanangu mtaalamu,

Marahaba. Barua yako imefika, pamoja na mkasi na gundi ulivyonitupia usoni. Huo mkasi ndio uliokusomesha, wakati baba yako anashonewa suti.

Nimesoma maelezo yako nikacheka mpaka paka akatoka nje. Umeandika, "Lango la kale katika fahari yake ya karne nyingi." Lango lile lilipakwa chokaa jana yake, na kwa nyuma lilikuwa limeegemezwa magogo lisianguke. Mpiga picha aliambiwa asizunguke huko. Umeandika, "Umati uliofurika kwa hiari kushuhudia ufunguzi wa soko." Hiari gani? Wale ni makarani wa ofisi za mji, walioambiwa kwamba asiyetokea sokoni leo asitokee kazini kesho. Mtazame yule mnene mwenye mwavuli. Yumo sokoni, yumo langoni, yumo kwenye mapokezi ya mgeni. Kila nilipopungukiwa na umati nilimbandika yeye. Na saa ya mnara, ambayo umeinakili kwa heshima zote: soko lilifunguliwa saa mbili na dakika ishirini. Katika mji ule, baba, kila kitu kilifanyika saa mbili na dakika ishirini. Saa ilikuwa imekufa, huo ulikuwa mwaka wa sita.

Hayo maneno yanayosomwa kwa sauti nzito yaliandikwa ofisini, na mtu ambaye hata sigara alituma mtu akamnunulie. Picha zilikuja bubu. Yeye alizitazama mara moja, akatunga uongo wake, na mimi nikazikata ziufuate uongo. Ndiyo kazi tuliyoifanya. Sasa ninyi mnaipuliza vumbi na kuiita urithi. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Kuhusu kopo namba 61: kulikuwa na upepo na watu wengi. Ndege iliruka, ikauzunguka mnara, ikatua. Andika hivyo. Zaidi ya hapo muulize Kapteni wenu, kusimulia anapenda. Ila kabla hajaanza, mwombe apande ngazi abadilishe balbu ya sebuleni. Ndugu yangu yule sijamwona akikanyaga kidato cha tatu cha ngazi. Anayepanda ni mama yako na magoti yake mabovu, na shujaa wa anga yuko chini ameshikilia, anatoa maelekezo.

Hayo mengine uliyoandika sina la kusema.

Shangazi yako,
Mkata Filamu


24 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Fahari nimeifuta, hiari nimeifuta, na yule mnene nimemwona mara nne. Ahsante. Sasa nina mambo mawili juu ya kopo namba 61, na naomba unijibu bila kunicheka.

La kwanza. Mpiga picha aliandika karatasi ya kufuatana na kila filamu: picha ya kwanza ni nini, ya pili ni nini, kila moja futi ngapi. Karatasi ya kopo hili ipo. Jumla ameandika futi 212. Nimeipima filamu mara tatu, ni futi 198. Zimepungua kumi na nne, kama sekunde tisa hivi. Na mstari wa picha ya saba kwenye karatasi umekatwa kwa mkasi, sawasawa, pamebaki tundu kama dirisha dogo. Shangazi, hili ni kopo la asili. Kanuni yenu wenyewe bado imebandikwa ndani ya kabati: nakala hukatwa, asili haiguswi.

La pili. Baba anapanda kwenye ndege amevaa viatu vyeupe vinavyong'aa. Ndege inaserereka mpaka mwisho wa uwanja, inaruka, inazunguka, inatua kule kule mbali. Mtu anaruka chini, ana kofia ya Baba, miwani ya Baba, koti la Baba, anapunga mkono. Nimeikuza picha. Miguuni ana ndala za tairi.

Labda Baba alibadili viatu angani. Nacheka, lakini si sana. Huenda ni makosa madogo ya wakati ule, mlibandika picha ya siku nyingine. Nieleze tu nijue niandike nini.

Mwanao,
Mtunza Filamu


2 Aprili

Mtaalamu,

Leo unapima watu viatu, kesho utawapima soksi.

Mpiga picha alikuwa mlevi. Mtu aliyewahi kupiga gwaride zima lenzi ikiwa na kifuniko, karatasi yake unaisoma kama msahafu. Hizo futi ziliingia mwanga. Filamu ikiingia mwanga imekufa, inatupwa, na kilichotupwa hakina haja ya kubaki kwenye karatasi. Viatu visikushughulishe. Baba yako alikuwa na viatu vingi kuliko akili, na vyote viwili alikuwa akivisahau njiani.

Nimefanya kazi ile miaka ishirini na saba, wakubwa wakaja na kuondoka, hakuna aliyeniuliza mkono wangu ulipita wapi. Leo naulizwa na mtoto niliyembadilisha nepi. Andika kwamba ndege iliruka. Iliruka kweli. Wewe na kompyuta yako mnataka nini tena?

Huyo mzee wenu wa getini, ni mrefu? Kama ni mrefu, na akicheka anafunika mdomo kwa kiganja, niambie. Kama sivyo usijisumbue kujibu.

Shangazi yako


15 Aprili

Dada,

Salamu. Wiki mbili sasa mwanangu ananitazama miguu wakati wa kula. Jana ameniuliza navaa viatu namba ngapi. Nimejua ni nani anayemlisha maneno. Tangu utoto ulimi wako ni wembe, ndiyo maana umezeeka na paka.

Sina haja ya kujieleza. Nimekaa ofisi ya anga miaka thelathini. Viwanja vitano vimejengwa kwa sahihi yangu, na abiria wanaoshuka pale salama hawaulizi nani alikaa kwenye kiti gani siku ya upepo, nusu karne iliyopita. Yule bwana alipewa uhamisho na cheo, akaondoka kwa hiari yake. Kwamba ameishia kwenye minyororo ya baiskeli ni shauri lake. Watu wa aina ile ukiwashika mkono watataka na bega.

Uliniambia kipande umekichoma. Nataka uniandikie hivyo kwa mkono wako, kwamba ulikichoma. Kama hukukichoma, kichome leo hii. Tarehe 20 Mei nitakaa safu ya mbele na mke wangu na wajukuu, na sitaki mashaka.

Na usisahau nani aliyeshika mkasi. Mimi sikukata kitu.

Mdogo wako,
Kapteni (mstaafu)


19 Aprili

Shangazi,

Ni mrefu. Akicheka anafunika mdomo.

Nilipopata barua yako nilishuka getini nikakaa kwenye debe anapokaa mteja. Sikumuuliza kitu, nilimwonyesha tu ile picha ya miguu niliyoikuza. Akaishika kwa ncha za vidole kwa sababu ya grisi. Akasema zile ndala alizikata mwenyewe, kutoka gurudumu la mbele la ndege iliyokufa. Halafu akanisimulia, huku anaziba pancha, bila kupandisha sauti. Alikuwa fundi wa ndege ile. Kila alipomaliza kutengeneza injini mwalimu wa urubani alimpeleka juu kuijaribu, na huko ndiko alikojifunza. Siku ile Baba alishuka mwisho wa uwanja, mbali na watu, pale fundi alipokuwa akingoja, akasema hawezi. Akavua kofia, miwani na koti, fundi akavivaa.

Nikamuuliza kwa nini hakudai. Akasema, "Nilikwenda kwa dada aliyekuwa anakata filamu, nikaomba kipande nimwonyeshe mama. Akaniambia kimeingia mwanga. Nikampa pole, nikaondoka."

Ni maneno yale yale uliyoniandikia mimi. Miaka yote hii hata hukujisumbua kutunga mengine.

Baba ni mwoga, nimemtazama mezani nimeuona woga wake, na ni baba yangu. Lakini wewe umemcheka maisha yako yote. Umemcheka kwa ngazi na kwa balbu, umetucheka sisi na vumbi letu, umemcheka hata mpiga picha ambaye hayupo kujitetea, na mkasi ulikuwa mkononi mwako. Nyani haoni kundule. Mimi pia nilimcheka mzee yule. Miaka nimempita pale na kumwona mwehu. Ila mimi sikujua.

Hii barua haina salamu.

Mtunza Filamu


30 Aprili

Mwanangu,

Nimegundua kwamba nikiondoa dharau sibaki na maneno mengi, kwa hiyo hii itakuwa fupi.

Alivyokusimulia ndivyo ilivyokuwa. Mpiga picha alikuwa amepanda gari mpaka mwisho wa uwanja ili apate ndege ikiruka. Akapata yote: baba yako anashuka, anatapika kando ya gurudumu, anavua koti; fundi anavaa, anapanda. Kesho yake baba yako alikuja chumba cha kukatia akapiga magoti juu ya vipande vya filamu vilivyokuwa sakafuni. Mkubwa wangu alisimama mlangoni akiitazama tu saa yake ya mkononi. Nyumbani baba yetu alikuwa kitandani, hawezi kuinuka, na tayari alikwisha waita majirani wote waje kumshangilia mwanawe. Nikakata nakala. Mpaka hapo naweza kusema niliamrishwa.

Halafu wao walipotoka nikafungua kabati, nikatoa kopo la asili, nikalikata na lile. Hilo hakuna aliyeniambia. Nilitaka tu kuwe na mtu mmoja katika ukoo wetu aliyepaa. Niliangalia nyuso. Miguu nikaisahau. Mimi, niliyewakaripia wasaidizi kwa kusahau kitufe cha shati.

Fundi alikuja wiki iliyofuata. Alikuwa amenawa mikono kwa mafuta ya taa, amevaa shati lililopigwa pasi. Angedai haki yake ningemfukuza kwa raha zote. Hakudai. Aliomba kipande tu, hata cha urefu wa kidole, cha kumwonyesha mama yake. Kilikuwa kwenye droo, goti langu linaigusa. Nikamwambia kimeingia mwanga. Akasema, "Pole dada, kazi yenu ngumu." Akafunga mlango taratibu.

Toka siku ile nimewadharau watu wote, nikaanza na baba yako. Aliyestahili kutangulia nilimruka.

Sikukichoma. Kimo humu, ndani ya kopo la biskuti, pamoja na ule mstari wa karatasi. Kiunge mahali pake. Baba yako ameniandikia nikichome; sijamjibu, na sitamjibu. Wewe fanya utakavyoona, jina ni lako pia, na ukiamua kulificha sina mdomo wa kukusema.

Tarehe 20 sitakuja.

Shangazi yako


25 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Kipande kilifika salama, hakina mkwaruzo. Nilikiunga, nikapima: futi 212 kamili.

Mzee nilimwonyesha kwanza, peke yake, chumbani kwangu. Alijifuta miguu mlangoni mara tatu. Sekunde zile tisa zilipopita alisema, "Kumbe nilikuwa mwembamba hivyo," akafunika mdomo akacheka. Nikadhani yamekwisha. Akaomba niiache iendelee. Ilipofika kwenye watu, pale kwenye kamba, akaniambia nisimamishe. Safu ya pili kuna mwanamke mfupi, kitambaa cha kichwa kimefungwa mbele, anapiga makofi mikono ikiwa juu ya kichwa. Ni mama yake. Alimwalika siku ile aje aone ndege anayoitengeneza. Baadaye alipomwambia kwamba aliyeruka ni yeye, mama akamjibu, mwanangu usijivike sifa za watoto wa watu. Hawakuizungumza tena mpaka alipofariki.

Mzee alimtazama muda mrefu. Akasema, "Anamshangilia mtoto wa mwenzake." Nikamwambia hapana, aliyekuwa juu ni wewe, alikushangilia wewe. Akasema, "Mimi najua. Yeye hakujua."

Tarehe 20 niliionyesha yote. Sikuomba ruhusa ya mtu. Ilipofika gurudumuni kuna aliyecheka, halafu hakuna aliyecheka. Baba aliinuka akatokea mlango wa wahudumu. Mama alibaki kwenye kiti chake mpaka mwisho, mkoba mapajani. Kibao cha jina kilikuwa kimefunikwa kitambaa, na hakuna mkubwa aliyetaka kuwa wa kukivuta. Kipo vile vile hadi leo, abiria wanadhani ni ukarabati. Mimi nimeandikiwa barua ya kujieleza, na Baba tangu siku ile hali nasi mezani.

Mzee nilimwalika, akasema ameahidi gurudumu la mtu.

Nilipokwisha kunakili nikakitoa tena kile kipande nikampa. Kanuni hairuhusu. Lakini alikiomba kabla yetu sote.

Mwanao,
Mtunza Filamu


6 Juni

Dada,

Salamu. Anwani nimepewa na kijana wako. Mimi ni yule fundi baiskeli wa getini. Nadhani unanikumbuka, maana yeye ameniambia uliniuliza kwa urefu.

Kipande nimekipata. Ahsante kwa kukitunza. Filamu ya siku zile ilikuwa inaharibika upesi, na hii haijapinda hata kidogo. Naona ulikuwa ukiifungua na kuifuta.

Huku habari imeenea. Vijana wa getini wameacha kuniita Rubani. Sasa ni shikamoo Mzee, karibu Mzee, na nikifika wananyamaza. Jina lile nilikuwa nimelizoea. Walipokuwa hawaamini walinipa, walipoamini wamelichukua. Mdogo wako alipita juzi na gari, akapunguza mwendo, kisha akaongeza. Akija na baiskeli nitamtengenezea kama mtu mwingine.

Sina la kukudai. Nilikuomba kitu kimoja tu, na nilikuambia ni cha nani. Sasa kimefika, na wa kuonyeshwa hayupo. Mimi hakinifai kitu. Mambo yaliyomo nilikuwepo.

Nimekirudisha humu ndani. Ni futi kumi na nne, unaweza kupima. Mimi nyumbani kwangu sina droo.

Fundi